Swali la Kurudi

Jirani yangu hapa Nsambya, mjane wa polisi kutoka kaskazini, huwaambia watu kwamba mimi napeleka watu Ulaya. Nimemweleza mara nyingi kwamba sipeleki mtu popote. Nimemweleza kuwa kuna vijana wenye shahada na kazi nzuri wanaotaka kwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamili ya biashara, kwamba shule hizo ni ngumu kuingia, na kwamba mimi huwasaidia kupanga maelezo yao na kuwafanyisha mazoezi ya usaili. Husikiliza mpaka mwisho, halafu husema, "Sasa hiyo si kupeleka watu Ulaya?" Nami huacha, maana kubishana naye ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kwa sababu yake, watu huja getini kwangu na pasipoti mkononi. Kijana mmoja alikuja kutoka Kawempe akitafuta kyeyo, yaani ufagio, kama watu wa hapa wanavyoita kazi yoyote ya ng'ambo. Nilimpa chai, nikamweleza kazi yangu ni nini hasa.

"Kwa hivyo watu iko nakulipa uwafundishe kusema," alisema.

"Ndiyo."

"Kusema habali yao wenyewe."

"Ndiyo."

Alimaliza chai yake polepole akiniangalia kwa huruma, akaaga vizuri, akaenda zake.

Ningeweza kumwambia kwamba kusema habari zako mwenyewe ni kazi ngumu. Mtu wa benki, meneja wa watu wengi, huja na insha iliyojaa maono na uongozi, na ndani yake hayumo. Huwa naiweka kando na kumwuliza jana asubuhi alifanya nini alipofika ofisini. Hushangaa. Huanza kueleza kwa kusitasita, kisha baada ya muda mrefu husema jambo dogo ambalo hakujua kuwa ni kubwa, kama yule mama aliyenitajia kwa bahati tu kwamba ndiye aliyemfundisha bosi wake mpya kazi ya bosi. Hapo ndipo tunapoanzia. Nina sheria moja tu, ambayo wote huicheka mwanzoni: siku ya mazoezi ya usaili, mteja hutoka nje, hubisha hodi, na kuingia upya kana kwamba hatujawahi kuonana. Akiketi, mimi si rafiki yake tena.

Msimu wa maombi ukiwa umepamba moto, wateja hunipigia simu wakati wowote. Najua aliyepigwa na baba yake, najua aliyefeli mwaka wa kwanza akaficha, najua nani anamwonea wivu dada yake. Wachungaji wao hawajui hayo. Kisha majibu hutoka, wao hufunga virago, na simu yangu hunyamaza. Hawapendi ijulikane kwamba walisaidiwa. Mmoja nilikutana naye dukani akiwa na mchumba wake. Aligeuka akaitazama rafu ya mchele mpaka nikapita. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hukutambua. Nilikasirika, kusema kweli, nikarudi nyumbani bila sukari niliyokuwa nimeifuata.

Katika maswali yote ya usaili, lipo moja ambalo wafadhili hawaliachi, hasa wanapotoa pesa kwa watu wa huku kwetu. Baada ya masomo, utarudi nyumbani? Ni swali dogo lakini limewaangusha wengi. Mtu wa Kampala akiulizwa kama atafanya jambo fulani mwakani, atasema, "Mungu akipenda." Mkristo atasema, Mwislamu atasema, na yule ambaye hajaingia nyumba ya ibada tangu abatizwe naye atasema. Kuahidi ya mwakani bila kumtaja Mungu ni majivuno, unajitafutia balaa. Lakini msaili aliyeketi ng'ambo, akiwa na muda mfupi na watu wengi wa kusikiliza, husikia shaka. Huona mtu huyu tayari anajiachia mlango. Kwa hiyo kazi yangu ni kulitoa neno hilo. Huwarudisha nje wabishe hodi tena, na tena, mpaka waseme "Nitarudi" peke yake, wanyamaze, kisha watoe sababu. Wengine huona vibaya mpaka jasho linawatoka. Mzee mmoja wa kanisa alisema neno hilo tupu, halafu akajinong'oneza lile jingine baada ya kufumba macho. Nilimwacha. Waliorudi kweli, naweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Watu huniuliza kwa nini mimi mwenyewe sikuomba kwenda. Mganga hajigangi, huwajibu hivyo nao hucheka. Ukweli ni kwamba nyumbani kwetu aliyeenda ni mke wangu, na mtu wa pili angebaki na mtoto.

Mimi ni Mkenya. Nililetwa hapa na benki nikiwa kijana, nikakaa. Mke wangu alizaliwa katika nyumba za polisi, chini ya kilima hiki hiki. Baba yake alikuwa Mwacholi aliyevaa sare maisha yake yote. Mimi sikujua Kiacholi, yeye hakujua Kiluhya, na Kiingereza tulikiona ni cha ofisini, basi nyumba yetu ikawa ya Kiswahili, changu cha Kenya na chake cha kambi ya polisi. Alikuwa mhasibu katika ofisi moja upande wa Mulago, na alikuwa na akili kuliko wote waliomsimamia. Siku alipoleta habari za ufadhili wa kwenda kusoma, mimi ndiye niliyesema tutaupata. Tulifanya kazi hiyo kwenye meza ya chakula, mtoto wetu akiwa chini ya meza na kalamu zake za rangi. Sikuwa na ujuzi wowote. Nilikuwa na hamu tu, na sikio. Nilimwambia atoke nje, abishe hodi. Nilimwuliza kama atarudi, akasema atarudi, Mungu akipenda, nami nikamwambia hapana, hebu sema bila hiyo. Alisema mama yake angesikia angemfinya. Tulirudia mpaka likatoka safi, na alilisema vizuri mno hata mimi nikaamini.

Hapo ndipo mahali ambapo ni mtu wa kazi yangu pekee anayeweza kuanguka. Mwingine angemsikia mkewe akiahidi, akabaki na wasiwasi wa kawaida wa mume. Mimi nilikuwa nimelijenga jibu lile kwa mikono yangu, nikalikagua kila upande, nikaona halina ufa, nikaingia ndani nikakaa.

Alimaliza masomo, wakampa mafunzo ya kazi kwa muda, kisha kazi yenyewe. Simu zikawa fupi. Siku moja saa za mchana alipiga, akasema hatarudi. Hakulia wala hakutafuta visingizio. "Wakati ule nilikuwa nasema, ilikuwa ukweli," aliniambia. "Mimi sikukudanganya." Namwamini mpaka leo. Baadaye alitaka mtoto aende kwake, na mtoto, ambaye tayari alikuwa mkubwa wa kutosha kuulizwa, alisema, "Mimi nabaki na Baba." Alisema hivyo akiwa anakula, wala hakuweka kijiko chini. Waliofanya kazi na mke wangu ofisini, waliosikia jinsi alivyopata ufadhili, ndio waliokuja wa kwanza kuniuliza nani alimsaidia. Ndivyo nilivyoacha benki. Tumekula kutokana na hilo.

Miaka ilikwenda. Binti yangu alikua, akasoma hapa hapa, akapata kazi katika kampuni ndogo inayoshughulika na mafundi wa Kawempe. Wale mafundi hutengeneza majiko ya makaa, na kila mmoja hununua bati lake peke yake kwa bei ya kuumiza. Yeye alikuwa akiwakusanya wanunue pamoja. Alikuwa akirudi jioni na vumbi la chuma kwenye viatu, akinisimulia fundi huyu kagombana na yule, na hapo ndipo siku yangu ilipokuwa ikianza, ingawa jua lilikuwa linakwisha. Sikuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye ambaye hakuwa amenilipa.

Jioni moja tukiosha vyombo alisema, "Baba, mimi nataka kuomba. Hiyo shule ya biashara." Akataja shule, na nchi. Ilikuwa nchi anakoishi mama yake.

"Vizuri," nilisema.

"Na nataka unisaidie kama mteja. Usinihurumie."

"Sijawahi kuhurumia mteja."

"Najua. Wanakuogopa." Akacheka, akanirushia povu.

Nilifurahi jinsi baba anavyotakiwa kufurahi. Kisha niliingia kuoga, nikasimama pale maji yananipitia kichwani, nikiogopa. Niliogopa kubaki na nyumba hii. Niliogopa pia kwamba nitaifanya kazi yangu vizuri, kwa sababu sijui kuifanya vibaya.

Tulianza. Insha zake hazikunipa taabu, alikuwa na mambo ya kusema na hakuwa na majivuno. Alijua bei ya bati la Kawempe kwa kila duka, na alijua kwa nini fundi mwenye watoto wengi hawezi kungoja kununua na wenzake hata kama atapata hasara. Nilipunguza maneno tu. Shule ilimwita kwenye usaili, na ufadhili ukafungamana na usaili huo huo, ambao ungefanywa kwa kompyuta. Basi ikabaki mazoezi.

Nilimwambia atoke nje. Akatoka, akafunga mlango, akabisha hodi. Niliitikia. Aliingia akiwa amevaa koti lake la kazi, akanipa mkono kama mtu asiyenijua, akaketi kwenye kiti ambacho wateja wangu wote wamekikalia. Nilimwuliza habari za kazi yake, akajibu vyema. Nilimwuliza alipowahi kukosea, akajibu bila kujipamba. Tulifanya kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa. Kisha nikamwuliza kama atarudi nyumbani baada ya masomo.

Akaacha Kiingereza. "Nitarudi, Mungu akipenda," alisema. "Kwa sababu baba yangu iko peke yake."

Nilitazama dirishani kwa muda. Nje jirani alikuwa anaanika nguo, na nakumbuka nilijiambia kwamba lile shati la bluu bado linatiririka maji, hakulikamua.

"Jibu hilo haliwezi kupita," nilisema.

"Ni ukweli."

"Sikatai. Lakini wao wanatafuta mtu wa kujenga kitu. Watasikia mtu anayerudi kuuguza mzee. Tena mzee huyo ana siku zake. Akifa, sababu yako imekufa naye, na wao wanalijua hilo."

"Usiseme hivyo."

"Mimi sisemi. Wao ndio watakaofikiri hivyo. Sababu yako ni majiko. Utarudi kuanzisha kampuni ya kununua bati kwa pamoja, ya mafundi wenyewe. Hiyo unaijua, hiyo unaiweza. Anza na hiyo, maliza na hiyo."

"Na Baba?"

"Baba mtoe."

Aliniangalia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa na hasira. "Wewe mwenyewe unajitoa?"

"Ningekuwa mbaya kwenye kazi yangu nikijiacha humo."

"Mimi sikusema ya kazi."

Nilijua hakusema ya kazi. Nilikuwa na jambo la kumwambia, lilikuwa pale mdomoni, kwamba nimelisikia jibu lake la kwanza na kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kunitaja kama sababu ya kurudi popote. Badala yake nikamwambia atoke nje, abishe hodi tena. Alifunga kifungo cha koti lake. Kisha akatoka.

Aliingia mara nyingi siku ile. Mara ya kwanza alimtoa Mungu, akanibakiza mimi. Baadaye akanitoa mimi pia, lakini sauti ikawa kavu, nikamwambia haamini anachosema. Mwishowe aliketi, akasema kwamba atarudi, akanyamaza kama nilivyomfundisha, akaeleza habari za bati na mafundi kwa namna ambayo mtu yeyote angemfungulia pochi. Nilimwambia imetosha. Alikwenda jikoni, nikamsikia akipiga sufuria kuliko ilivyohitajika.

Siku ya usaili wenyewe, mchana, nilimwachia chumba changu kwa sababu mtandao hushika vizuri humo. Nilichukua sinia la maharage nikaketi barazani kuyachambua, mikono ipate kitu cha kufanya. Dirisha lilikuwa wazi. Sikukusudia kusikiliza, lakini ningekaa wapi? Niliisikia sauti yake, na kati yake sauti ya mwanamke wa ng'ambo, mpole, mwenye kucheka haraka. Waliongea vizuri. Nilianza kutikisa kichwa kwenye majibu mazuri kama shabiki wa mpira, mpaka jirani akaniuliza kutoka kwake kama naumwa.

Kisha yule mwanamke akauliza swali lile.

Niliacha kuchambua. Binti yangu alisema atarudi. Alinyamaza, wala hakuzidisha wala hakupunguza. Akaanza habari za Kawempe, na nakiri nilikuwa nimekaza shingo nikingoja, nikijua kabisa sipaswi kungoja, kama labda mwishoni, kwa bahati mbaya, litaponyoka neno moja kuhusu mtu fulani anayebaki. Halikuponyoka. Katika miaka yangu yote ya kazi hii sijasikia jibu zuri kama lile. Mimi sikuwemo, na niliumia, mzee mzima na sinia la maharage mapajani.

Alitoka uso umemng'aa. "Ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa safi."

"Ukweli?"

"Umepata. Mimi nakwambia umepata."

Akaketi karibu nami, akachukua maharage machache, akayachambua vibaya. "Nilikutoa," alisema.

"Nilisikia."

"Iliniuma."

Nilimwambia ndivyo inavyokuwa siku zote mtu akisema vizuri. Sijui kama ni kweli.

Alipata, kama nilivyosema. Jirani alipiga vigelegele mpaka watu wa nyumba za wafanyakazi wa reli wakaja kuuliza kuna arusi ya nani, na nilimsikia akiwaeleza kwa fahari kwamba sasa nimempeleka hata wangu mwenyewe. Mama wa binti yangu alipiga simu, tukaongea kwa adabu. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, Jumamosi na Jumapili mtoto atakuwa kwake. Nilimshukuru, na nilimaanisha.

Wiki za mwisho zilikwenda na mambo ya viza, chanjo na sanduku. Nilikuwa nikimwona akiingia na kutoka, nami nilikuwa na swali moja tu tumboni. Si la msaili. Ni la kwangu, lile ambalo sikumwuliza mama yake, kwa sababu siku zile nilidhani nilishamwuliza.

Siku ya kuondoka, gari la kumpeleka Entebbe lilikuja mapema. Tulikuwa tumekubaliana nisimsindikize, kwa sababu yeye hapendi kulia mbele ya watu, nami pia sipendi. Dereva aliweka sanduku nyuma. Binti yangu alisimama nami pale getini, akanikumbatia muda mrefu, kisha akarudi nyuma hatua chache akanitazama. Alikuwa ananingoja. Alijua nina swali, na alikuwa amesimama wima, mikono imetulia, macho usoni kwangu, tayari kulijibu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba siwezi. Lolote ambalo angenijibu, ningelisikia ni langu. Ningepima pale aliponyamaza, ningesikiliza kama sauti imekauka, ningemkuta hana kosa, na nisingejua chochote. Watu wawili pekee ninaowapenda niliwafundisha kulisema neno hilo mpaka lisionyeshe kilichomo moyoni, na sasa sikuwa na njia ya kuuliza.

Nikamwuliza kama amechukua sweta.

Alilitazama sanduku nyuma ya gari. "Nimechukua, Baba," akasema, akaingia garini.